Masalio ya Kaya ya Arobaini na Moja

Swali la kumi na tisa nililifuta mimi mwenyewe. Lilikuwa linauliza: mnapika wapi, ndani au nje, na mnapikia nini? Nililifuta Ijumaa mchana, ofisini Bariadi, kwa sababu fomu ilikuwa imevuka na kuingia ukurasa wa tatu, na mimi nilitaka iishie kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Karatasi ya pili huchomoka pini, inapotelea kwenye begi la mhojaji, halafu ofisini tunabaki na nusu ya kaya. Nimeshapoteza wiki nzima za maisha yangu nikitafuta karatasi za pili. Basi nikapitia maswali nikitafuta la kutoa, nikafika hilo, nikasema kila mtu anajua jibu lake: vijiji vyote huku watu wanapika ndani, na miti imekwisha, wanapikia miti ya pamba, yale mashina makavu yanayobaki shambani baada ya kuvuna, na mavi makavu ya ng'ombe. Kitu kilicho sawa kwa kila mtu hakina kazi kwenye hesabu zetu, maana hakiwezi kueleza kwa nini huyu anaumwa na yule haumwi. Nikalifuta, nikaenda kula.

Kazi yangu ni takwimu. Mtaani kwangu Somanda wananiita mama data, na nikiwaambia kwamba ninalipwa kutafuta vitu gani vinakwenda pamoja na vitu gani, wananiuliza kama hiyo nayo ni kazi. Mwaka ule niliajiriwa na mradi mmoja wa afya ya watoto. Tulitaka kujua kwa nini watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vijiji fulani wanaumwa kifua kuliko wenzao wa kijiji cha jirani. Sikuwa na wasiwasi na uwezo wangu. Niseme ukweli, nilikuwa na maringo.

Kijiji chenyewe kiko wilaya ya Itilima, na jina lake nitalihifadhi. Tulifika mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kuilainisha mbuga, ardhi yetu nyeusi inayonata. Mwenyekiti wa kijiji, mwanamume mpole aliyekuwa na tabia ya kuongea huku akitazama viatu vyake, alinipeleka kulala kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na chumba kitupu. Mwanawe wa pekee alikuwa ameenda kwenye machimbo ya dhahabu Geita, akamwachia mkewe na binti yao wa miaka mitatu.

Mlangoni kwa bibi kulikuwa na namba 41 kwa rangi nyeupe. Waliiandika watu waliowahi kupita wakigawa vyandarua, na kila mlango kijijini ulikuwa na ya kwake. Nilifurahi mno. Namba zipo tayari, za nini kujisumbua kutunga nyingine? Kwenye fomu hatukuandika jina la mtu hata mmoja, tuliandika namba ya mlango, na mimi nikajiona nimetunza siri za watu kama ilivyotakiwa.

Bibi alikuwa mrefu, mwembamba, mkimya mpaka apate mtu wa kumtania. Macho yake yalikuwa mekundu, mekundu kweli, yakitoa machozi hata akicheka. Kwetu Usukumani macho ya namna hiyo kwa mwanamke mzee huitwa ya mchawi, wapo waliouawa kwa sababu yake, na hayazungumzwi. Mtu anayaona, halafu anatazama pembeni. Mimi ni wa hukuhuku na ninalijua hilo tangu utoto. Bibi yangu mzaa baba, kule Sola, alikuwa akiosha macho kwa maziwa kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, na hakuna mjukuu aliyethubutu kuuliza sababu.

Asubuhi ya pili nilimfuata jikoni. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi, mlango mmoja, dirisha hakuna. Mjukuu alikuwa mgongoni mwake amefungwa kanga, maana mama yake alikuwa ameshakwenda shamba, na moto wa miti ya pamba ulikuwa unatoa moshi mzito uliotanda kutoka paani hadi kiunoni mwangu.

“Mwangaluka, mayu,” akanisalimia kutoka ndani ya moshi, akiniita mama kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, bibi. Mhola?”

“Mhola.”

Sikumaliza hata kikombe cha uji. Nilitoka mbio nikipikicha macho, nikisikia anacheka nyuma yangu. “Huko mjini mnapikia nini, mayu? Maji?” Mtoto naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaendelea mpaka bibi akasimama na kumtikisa kidogo mgongoni ili atulie. Nilikaa kwake wiki mbili. Alinilisha matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, akanikatalia kuosha vyombo, na kila asubuhi nilikaa nje mbali na kile kibanda nikiandika kwenye daftari mambo ambayo niliyaona ya maana.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa naangalia wapi. Jibu ni kwamba nilikuwa naangalia fomu.

Nilirudi Bariadi na data yangu, nikaingiza, nikasafisha, nikakaa kwenye kompyuta. Hesabu tunayoitumia si ya ajabu. Unachukua umbali wa kisima, umbali wa zahanati, chandarua, watu wangapi wanalala chumba kimoja, umri wa mtoto. Unaiambia kompyuta itafute kila kimoja kinachangia kiasi gani kwenye ugonjwa huku vingine vikiwa vimeshikiliwa palepale. Ikimaliza inakupa makadirio kwa kila kaya: mtoto wa nyumba kama hii angetarajiwa kuumwa kiasi hiki. Kisha unatazama aliumwa kiasi gani kweli. Ile tofauti ndiyo tunaiita masalio. Yakiwa madogo, unamshukuru Mungu. Yakiwa makubwa, ujue kuna kitu kwenye nyumba hiyo ambacho hukukiuliza.

Nilizipanga kaya kuanzia yenye masalio makubwa kushuka chini. Ya kwanza kabisa ilikuwa 41. Nilisema “ahaa” kwa sauti, nikiwa peke yangu ofisini, na aibu ya hiyo “ahaa” ninayo mpaka leo. Niliziangalia kumi za juu nikagundua kwamba karibu zote zina bibi anayelea mjukuu. Nikajaribu kuweka hicho nacho kwenye hesabu, bibi yupo au hayupo, na uhusiano ukatoka wazi, umenyooka, wa aina ambayo watu wa kazi yangu huomba waupate. Nikawaza watu wa huku wangeifanyia nini habari hiyo. Nikakiondoa kipimo hicho kwenye hesabu, nikaona bora nisiseme lolote kuhusu mabibi mpaka nijue zaidi. Nilidhani kutosema kunatosha.

Mradi ulikuwa na sharti zuri tu: matokeo lazima yarudishwe kijijini, watu waelezwe. Nilirudi mwezi wa kwanza na karatasi ya manila niliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito. Upande mmoja niliandika mambo yanayochangia kifua kwa watoto. Upande wa pili niliandika zile kaya kumi, kwa namba, chini ya kichwa kinachosema: kaya ambazo ugonjwa umezidi maelezo. Namba ya kwanza niliizungushia duara jekundu. Sijui kwa nini. Kalamu nyekundu ilikuwepo.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Niliongea vizuri, nilichekesha, watu waliuliza kuhusu visima. Kisha akasimama kamanda wa sungusungu, ulinzi wa jadi wa kijiji, mtu wa makamo mwenye filimbi shingoni, mwenye adabu kuliko wote waliokuwa pale.

“Mtaalamu, hizo namba ni za milango yetu?”

“Ni za kaya tu, mzee. Hatutaji mtu.”

“Sawa. Sasa maji umeyatoa. Zahanati umeitoa. Vyandarua umevitoa. Hiki kilichobaki ni nini?”

“Hatujui bado. Ni kitu kilichomo ndani ya kaya yenyewe, ambacho fomu yetu haikukiona.”

“Kwa hiyo kipo, lakini hakionekani.”

“Kwa sasa hakionekani,” nikasema, na nikaridhika kwamba kuna mwanakijiji ameelewa masalio haraka kuliko wanafunzi niliosoma nao.

“Wabeja,” akashukuru, akakaa.

Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuza shingo polepole, akatazama nyuma kule alikokuwa amekaa bibi yangu wa kaya ya arobaini na moja, kisha akamhamisha mwanawe kutoka paja moja kwenda jingine, upande wa mbali. Niliona. Nikadhani mtoto amemchosha paja. Mwenyekiti aliniomba niiache ile karatasi ukutani ofisini ili watu waendelee kujielimisha, na mimi nikaibandika kwa mikono yangu, pembe zote nne, nikahakikisha haitaanguka.

Mvua zikakaza. Barabara ikawa tope jeusi lisilopitika, nami nikazama kwenye ripoti. Mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, mkamwana wa bibi alinipigia simu. Alikuwa msichana asiyependa maneno, na hakuwahi kunipigia kabla.

“Dada, ile karatasi yako watu wanakuja kuisoma.”

“Vizuri.”

“Si vizuri. Wamefariki watoto wawili mwezi huu, mmoja ni wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Sasa wanakuja hata wasiojua kusoma. Wanaoneshwa ile namba yenye duara.”

“Bibi yuko wapi?”

“Yupo jikoni anapika. Watu wameacha kumsalimia.”

Mtu asiye wa huku anaweza asielewe uzito wa hilo. Kwetu unamsalimia hata unayemdai, hata uliyegombana naye jana. Mtu akiacha kusalimiwa na kijiji kizima, wameshamaliza kuzungumza juu yake. Nilimpigia mwenyekiti. Akakohoa, nikajua anatazama viatu vyake. Alisema Jumatano ijayo kuna mkutano wa kura. Kura hizo nazijua: kila mtu mzima anapewa kipande cha karatasi, anaandika jina la anayemwona mbaya kijijini, anakikunja na kukitumbukiza kwenye ndoo. Kwa kawaida zinatafuta wezi wa ng'ombe. Safari hii, alisema, zinatafuta kile kilichobaki.

Nilitoa taarifa polisi. Wakaniambia watatuma mtu barabara ikipitika. Sikuwa na la kuwalaumu, maana hakuna aliyekuwa ametenda kosa lolote ila mimi, na kosa langu halikuwa na kifungu.

Siku hiyohiyo nilirudia kusoma kila kitu, na ndipo nikalikuta swali la kumi na tisa kwenye rasimu ya zamani ya fomu, limepigwa mstari. Nililisoma nikiwa nimesimama. Niliuona moshi, hadi kiunoni. Nilimwona mtoto mgongoni. Nikaanza kulia palepale kwa hasira, kujichukia tu, mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimefiwa.

Jumapili nilikodi bodaboda. Tulianguka mara mbili mbugani, laptop nikiwa nimeifunga kwenye mfuko wa mbolea. Bibi alinipokea kama kawaida, akanipa maji ya kunawa, akasema nimekonda. Hakuuliza nimefuata nini. Jumatatu na Jumanne nilipita mlango kwa mlango na swali moja tu: mnapika wapi, na mnapikia nini? Na pale ndipo nilipoona ujinga wangu ulivyo mkubwa, maana hawakuwa sawa hata kidogo. Wengine walipika upenuni. Wengine walikuwa na kuni za mwarobaini walioupanda wenyewe. Wengine walikuwa na jiko lenye tundu ukutani. Waliokuwa wakipikia miti ya pamba kwenye kibanda kisicho na dirisha walikuwa hasa wazee, kwa sababu vibanda hivyo vilijengwa zamani na hakuna aliyewajengea vingine, na miti ya pamba ndiyo wanayoweza kuibeba. Na kulikuwa na mabibi wanaopika nje, wenye wajukuu mgongoni vilevile, na wajukuu wao walikuwa wazima.

Nilikaa kitandani kwa bibi, betri ikikaribia kwisha, nikauweka moshi kwenye hesabu. Ule uhusiano wa mabibi na ugonjwa, uliokuwa umenyooka vile, ukasinyaa hadi ukawa si kitu. Masalio ya kaya ya arobaini na moja yakawa ya kawaida, kama ya nyumba yoyote. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama nilivyoipenda dakika ile. Nilitoka nje nikamwambia bibi mambo yatakuwa sawa. Alikuwa anapepeta mtama. Akasema, “Haya, mayu,” kwa sauti ya mtu anayemwitikia mtoto.

Jumatano niliomba kuongea kabla ya kura. Niliibandua karatasi yangu ya zamani mbele yao wote, nikaichana. Nilisema nilikosea na sasa nimekuja kusahihisha. Nilieleza kwamba moshi unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: unaingia machoni kwa anayepika, na unaingia kifuani kwa mtoto aliyebebwa. Ukiona macho mekundu na kikohozi nyumba moja, usiseme kimoja kimeleta kingine. Hivyo viwili ni ndugu, nikasema, na mama yao ni moshi. Niliwaambia kuhusu mabibi wanaopika nje na wajukuu wao wazima, bila namba safari hii. Watu walikuwa wanatikisa vichwa wakikubali. Niliwaona. Mwanamke mmoja alisema ni kweli, hata yeye akipika ndani kifua kinambana.

Kamanda wa sungusungu akasimama. “Mtaalamu, tunakushukuru sana. Mara ya kwanza ulituambia kipo ila hakionekani. Umerudi, umekitafuta, umekiona. Kumbe kinapita kwenye moshi.” Aliyapanga maneno yake kwa heshima. “Sasa tuambie tu. Moto huo, nani anauwasha?”

Nilifungua mdomo. Nilisema moto ni moto tu, kila mtu anauwasha, nilisema sijui nini kuhusu dirisha. Sauti yangu ilikuwa imepanda na nilijua imepanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema “Wabeja,” kama ile mara ya kwanza, na ndoo ikaanza kupita.

Waliandika wakiwa wamekaa kwenye nyasi, wakiegemezea karatasi kwenye magoti. Bibi naye alipewa kipande chake. Hajui kuandika, akakikunja kitupu na kukitumbukiza. Mwenyekiti aliichukua ndoo akaingia nayo ofisini, na mimi nikamfuata bila kukaribishwa. Alizimwaga kura mezani. Akafungua moja, akaiweka. Akafungua nyingine. Alipofika ya tano au ya sita nikaanza kufungua nami, kwa haraka, moja baada ya nyingine, vipande vya daftari la mistari, miandiko ya kila namna. Hawakuandika jina la mtu. Waliandika 41.

Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinitazama usoni. “Matokeo nitayasoma kesho,” akasema. “Nitawaambia nimeumwa, nitawaambia nahesabu upya. Lakini kesho ni lazima niyasome. Mchukue leo, jua likiwa bado juu.”

Bibi hakubishana. Nilitegemea atabisha, nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, na kutobishana kwake kulinitisha zaidi. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akamkabidhi mkamwana funguo za ghala na kumweleza mbegu za choroko ziko wapi. Mtoto alikuwa amelala. Alimfunika vizuri, akasimama pale mlangoni muda kidogo, akatoka. Nilimpakia kwenye bodaboda katikati, dereva mbele na mimi nyuma nikimshika kiuno. Tulipita ofisi ya kijiji saa kumi alasiri na watu walikuwa bado wamekaa nje. Hakuna aliyetupungia, wala hakuna aliyetuzuia. Walitutazama tu mpaka tukakata kona.

Nilidhani nimemwokoa. Na kweli nilimwokoa, yupo hai, ninaandika haya na yeye yupo chumba cha pili. Ila nilidhani kuokoa kumeishia pale.

Wiki moja baadaye mkamwana alipiga simu kunieleza kwamba sungusungu walikuja wakabomoa kile kibanda cha jiko, wakachoma nyasi zake na rundo lote la miti ya pamba, ili lililokuwamo liishe. Nyumba hawakuigusa. Sasa alikuwa anapika upenuni kwa kuni anazonunua. Nilikaa na simu sikioni baada ya yeye kukata. Wametoa vitu viwili siku zilezile, bibi na moshi. Mtu yeyote aliyesoma takwimu wiki moja anajua kwamba ukifanya hivyo huwezi tena kujua ni kipi kilikuwa kipi. Nilijua pia kitakachofuata, na niliogopa kukitamani na niliogopa kutokitamani.

Mtoto alipona. Mwezi wa tano kikohozi kilipungua, wa sita kikaisha, wa saba mama yake alisema amenenepa na anakimbia na wenzake mpaka lamboni. Baba yake alinipigia kutoka Geita. Alinishukuru kwa dakika nyingi, akaniombea baraka, na mwishoni kabisa akaniomba, kwa sauti ya chini, nisimrudishe bibi, mama yake mzazi, nyumbani.

Bibi alikuwa amekaa karibu akichambua choroko. Nilimwambia habari njema tu, kwamba mjukuu amepona. Aliendelea kuchambua.

“Amepona lini?” akauliza.

“Kikohozi kimeisha mwezi wa sita.”

“Nilipokuwapo aliumwa. Nimeondoka, amepona.” Alisema hivyo bila uchungu, akihesabu. “Wewe uliyesoma unaonaje?”

Nilivuta kiti nikakaa karibu naye. Nilimweleza moshi tena, taratibu, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Nilimwambia jiko limebomolewa wiki ileile. Nilimwambia atazame macho yake kwenye kioo, kwangu tunapikia gesi na macho yamekuwa meupe kama ya msichana, je, hiyo si dalili kwamba ulikuwa ni moshi? Alikitazama kioo kwa makini, akakirudisha. Alisema hata yeye ameyaona. Alisema kilichokuwamo kimetulia kwa kuwa yuko mbali, na ndiyo maana mtoto naye amepona. Nikamwambia kuhusu mabibi wanaopika nje, jinsi nilivyopita mlango kwa mlango, jinsi wajukuu wao walivyo wazima.

“Hao ni wao, mayu,” akasema. “Mimi nakuuliza nyumba yangu.”

Hesabu zangu zinasema habari za kaya nyingi kwa pamoja. Kuhusu nyumba moja, mtoto mmoja, mwanamke mmoja, zinasema makadirio na zinaacha masalio. Ili nimthibitishie ingebidi arudi kule, akae na mjukuu wake miezi yote ya mvua, bila ule moshi, na watu waone. Kule hawezi kurudi hata siku moja. Nilimwambia siamini anachokiamini yeye, nikamwambia nampenda, na yote mawili yalikuwa kweli, naye akasema nile kwanza, wali unapoa.

Mwezi wa nane, pamba ikiwa imeshauzwa, mkamwana alikuja Bariadi na mtoto. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kuliko wao. Nilifungua mlango, mtoto akanipita kama hanioni, akakimbia moja kwa moja ndani akiita bibi, bibi. Nilimfuata nikitabasamu. Bibi alikuwa kitandani. Alipoisikia ile sauti alikuwa ameshageukia ukutani, kanga ameivuta mpaka kidevuni, uso wote umefunikwa, na mikono yake miwili ameibana juu ya macho.

“Mtoe, mayu,” akaniambia kutoka ndani ya kanga. “Mtoe nje nisije nikamtazama.”

Mtoto alidhani ni mchezo. Alipanda kitandani akaanza kuivuta ile kanga akicheka, na bibi akazidi kuishikilia kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Nilimbeba mtoto, nikamtoa nje.